Mkutano wa madevelopa haujai kwa mabango

Kila msimu wa maandalizi ukianza kuna mtu kwenye timu, mara nyingi mgeni na mwenye moyo kweli kweli, atauliza: jamani mbona hatujaanza kutangaza? Anamaanisha mabango, posti za kila siku, picha za wazungumzaji zenye marangi, zile za "zimebaki wiki 3". Huwa namwambia tulishaanza, tulianza mwaka jana wiki ileile mkutano ulipoisha, na watu wengi watakaonunua tiketi safari hii walishaamua kimoyomoyo kabla hata sisi hatujakaa kikao cha kwanza. Anadhani namtania ila sitanii hata kidogo.

Nimekuwa kwenye timu za kuandaa hii mikutano ya madevelopa, yaani waandika programu za kompyuta, kwa muda, nimeshika tiketi, nimeshika mada, nimevuta nyaya chini ya mazulia, na kitu kimoja nakiamini kuliko vyote: kuandaa na kutangaza ni kazi moja. Ukizigawa, wa maandalizi huku na wa matangazo kule, unaishia na mabango mazuri ya mkutano ambao mtu akishauhudhuria mara moja harudi tena. Na mkutano wa kila mwaka unaishi kwa wanaorudi, wale ndo wanaoenda kazini wakamwambia bosi mwaka huu tupeleke na vijana wawili, wale ndo wanaombana rafiki yao mpaka anatuma mada. Developa anamuamini developa mwenzie aliyekaa kwenye kile kiti akasikiliza, basi.

Nianze na wito wa mada, yaani ile fomu ya kuwaomba watu watume mapendekezo ya watakachozungumza, maana hapo ndo pana utajiri wote na ndo wengi wanapopita mbio. Ukifungua fomu ya kupokea mada ushatoa tangazo kubwa kuliko bango lolote, kwa sababu kila anayekaa kuandika muhtasari wa mada yake anaanza kujiona ndani ya ule ukumbi, anampa mwenzie asome, anauliza kwenye grupu la kazini kama kichwa kinaeleweka, na hapo mkutano wenu umeshatajwa kwa watu ambao nyie hamtawafikia hata mlipie matangazo kiasi gani. Kwa hiyo ile fomu isiandikwe ovyo. Sema wasikilizaji ni akina nani, mada ni ya dakika ngapi, 25 au 45, mnamlipia mzungumzaji nini na nini hamlipii, mtajibu lini. Weka muhtasari mmoja au miwili iliyowahi kupita na ueleze kwa nini ilipita, maana anayetuma kwa mara ya kwanza hajui mnataka nini na wazoefu wanajua, sasa mkikaa kimya mnakuwa mmewapendelea wazoefu bila kutamka. Zana zipo na ni huria, pretalx kwa ajili ya mada na pretix kwa tiketi, zote unaweza kuziweka kwenye seva yenu wenyewe, sijui kwa nini bado kuna timu zinakusanya mada kwa baruapepe halafu zinapotea.

Wiki za kwanza zitakuwa kimya. Hii nawaambia wapya mapema ili wasipaniki, unafungua fomu, zinaingia mada tatu, nne, unarudi kesho hakuna kitu, mtu anaanza kusema mwaka huu tumekwisha. Subiri. Mada nyingi zinaingia siku mbili tatu za mwisho na usiku wa mwisho ndo mafuriko yenyewe. Ukipaniki ukasogeza tarehe mbele umewaambia wale waliojihimu wakatuma kwa wakati kwamba tarehe yenu haikuwa tarehe, na mwakani hakuna atakayeiheshimu.

Kinacholeta mada nzuri kuliko vyote ni kumfuata mtu mmoja mmoja. Sio "karibuni nyote", hapana, unamwandikia fulani kwamba nimesoma ulichoandika kuhusu lile tatizo la foleni ya ujumbe, nadhani hiyo ni mada, fomu hii hapa, ukitaka nitakusaidia na muhtasari. Ushahidi upo. Kwenye PyCon ya Marekani, mkutano wa watu wa lugha ya programu ya Python, mada zilizotolewa na wanawake mwaka 2011 zilikuwa 1% tu, mwaka 2016 zikafika 40%, na hizo namba zilitolewa na Jessica McKellar ambaye alikuwa akisimamia kazi ya kuwafikia watu wasiozoea kutuma. Miaka mitano tu hiyo. JSConf EU, mkutano wa watu wa JavaScript kule Berlin, mwaka 2012 waliwahimiza wanawake watume, halafu wakachagua bila kuona majina ya waliotuma, wakaishia na wazungumzaji wanawake 25%. Angalia hapo ni hatua mbili na zote zinahitajika: ukificha majina bila kuwafuata watu, utakuwa unachagua kwa haki kabisa kutoka kwenye rundo la watu walewale.

Sasa barua za kukataa. Hapa naomba nikae kidogo maana naona ndo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Mkutano wowote unaojulikana unakataa wengi kuliko unaowapokea, yaani kundi kubwa kabisa la watu waliogusana na mkutano wenu mwaka huu ni watu mliowaambia hapana, na wengi wao hawajawahi kuonana na nyie, hiyo barua moja ndo sura yenu yote kwao. Halafu timu inawatumia ile ya "asante kwa kutuma, kwa bahati mbaya ushindani ulikuwa mkubwa", imetoka kwa anuani isiyojibiwa, saa 8 usiku, haina hata jina la mada yao. Mtu alikaa wikendi nzima kuandika.

Timu niliyofanya nayo kazi ilijiwekea utaratibu kwamba kila anayekataliwa apate sentensi mbili tatu za kweli. Mfano huu ndo wa aina tuliyokuwa tunaandika: "Tulipokea mada nyingi kuhusu kuhamisha hifadhidata na tulikuwa na nafasi moja. Kisa chako ni kizuri, hasa ile sehemu ya kurudisha data mliyoipoteza, lakini muhtasari umekizika chini kabisa na mwanzoni umeeleza kampuni yenu inafanya nini. Mwakani anza na siku data ilipopotea." Inachukua muda, ndiyo, wakaguzi wanagawana, kila mmoja anaandika za kwake na mmoja anapitia zote ili lugha isiumize mtu. Kuna dada mmoja tulimwandikia hivyohivyo, akanunua tiketi akaja kusikiliza, mwaka uliofuata akatuma ileile mada imeanza na siku data ilipopotea, ikapita, ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa chini. Na kwenye ofisi yao walikuja kundi zima kumsikiliza mwenzao. Hakuna tangazo la kulipia lingetuletea watu wale.

Na majibu yatoke mapema, kwa waliopita na kwa waliokataliwa. Mzungumzaji anayehitaji viza anahitaji barua ya mwaliko miezi kabla, sio wiki kabla, na anahitaji barua yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, anuani ya ukumbi, nani analipa nini, na namba ya mtu atakayepokea simu ubalozi ukipiga. Ukichelewa kujibu unakuwa umechagua kimya kimya kwamba watazungumza wale wenye pasipoti nyepesi tu.

Kuhusu kumlipia mzungumzaji kuna misimamo miwili na yote ina watu wa maana nyuma yake. PyCon ya Marekani kwa miaka mingi ilikuwa na desturi kwamba kila mtu analipa, mzungumzaji analipa, hata anayeandaa analipa, na pembeni kuna mfuko wa kusaidia nauli na malazi kwa wasioweza. Mikutano mingine inamlipia mzungumzaji kila kitu. Mi naegemea upande wa kulipia nauli na kitanda pale bajeti inaporuhusu, maana vinginevyo unapata wazungumzaji ambao kampuni zao ndo zimewalipia na kampuni ikilipa inataka itajwe. Lakini msimamo wowote mtakaochukua uandikwe kwenye ukurasa wa wito siku ya kwanza kabisa, mtu asije akagundua baada ya kukubaliwa.

Pesa. Pesa ya mkutano inatoka kabla haijaingia, hilo ndo la kulijua. Ukumbi unataka amana miezi mingi kabla, wapiga video wanataka nusu, tiketi za ndege za wazungumzaji zinapanda kila wiki, na huku tiketi za mkutano wenyewe nyingi zinanunuliwa mwishoni kabisa na ile kampuni iliyosema ndiyo tutadhamini italipa ankara baada ya siku 30, au 60, au 90. Tiketi za bei ya mapema zipo kwa ajili hiyo hasa, zinakupa hela ya amana na zinakupa picha ya idadi. Kwenye mkataba wa hoteli kuna kipengele watu wanakiruka, kwamba mmeahidi vyumba kadhaa kwa usiku kadhaa na vikijaa chini ya kiwango fulani, mara nyingi 80%, tofauti mnalipa nyie. Chukua vyumba vichache kuliko unavyodhani, kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Na someni kipengele cha majanga neno kwa neno. Machi 2020 PyCon ya Marekani iliyokuwa ifanyike Pittsburgh mwezi Aprili ilibidi ifutwe ihamie mtandaoni, na mkutano ule ndo unaoingizia shirika la Python sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka. Mwezi huohuo O'Reilly walifunga kabisa kitengo chao cha mikutano ya ana kwa ana, OSCON, mkutano wao wa programu huria uliokuwepo tangu 1999, ukaishia hapo. Baada ya mwaka ule hakuna anayesaini mkataba wa ukumbi kwa mzaha.

Wadhamini wanataka mambo mawili, kuajiri na kujulikana, na yote mawili ni halali. Wape meza mahali watu wanapopita, wape muda mrefu wa mapumziko ili watu wafike kwenye hizo meza. Msiwape orodha ya baruapepe za washiriki, kamwe, hata wakiongeza dau, na msiuze nafasi ya kuzungumza kwa siri. Kama kuna mada ya mdhamini iandikwe wazi kwenye ratiba kwamba ni ya mdhamini. Developa akigundua mara moja kwamba alikaa dakika 40 anasikiliza tangazo la biashara lililovaa nguo za mada, ratiba nzima inaingia mashaka, na hiyo habari inasafiri haraka kuliko posti zenu zote.

Haya, matangazo yenyewe sasa, yale ambayo yule mgeni kwenye timu alikuwa anayauliza. Yanahitajika, sikatai. Ukurasa wa mkutano ukifunguka kwenye simu uonyeshe juu kabisa: tarehe, mji, bei, na kitufe cha tiketi, mtu asishuke kutafuta. Kabla ya kutangaza tarehe angalia kalenda za mikutano mingine ya lugha hiyo au teknolojia hiyo, sikukuu za dini zote, likizo za shule, na uwaandikie waandaaji wenzio kuwauliza za kwao, maana mikutano miwili ikigongana wiki moja inagawana wazungumzaji walewale na wadhamini walewale.

Kwenye posti, chukua mada moja, tatizo moja. Nimeona sana hii: "Usikose mada kali ya hifadhidata kutoka kwa mtaalamu mbobezi!" Nani anashtuka kwa hiyo? Sasa soma hii: "Jedwali lina mistari milioni 400, mfumo hauwezi kusimama hata dakika moja, na lazima waongeze kolamu. Watatuonyesha walivyofanya, na kile kilichoharibika katikati." Developa aliyewahi kukaa usiku na jedwali kama hilo ataisheya mwenyewe, atamtag na mwenzie waliyekaa naye usiku ule. Hakuna picha, hakuna marangi. Kila mada kwenye ratiba ina sentensi kama hiyo ndani yake, kazi ya anayetangaza ni kuitafuta, na ndo maana nasema lazima awe amekaa kwenye kikao cha kuchagua mada, ukimpa orodha ya majina na vyeo tu atakuandikia "mtaalamu mbobezi" kwa sababu hana kingine.

Toa ratiba nzima mapema kuliko kutoa majina mawili mawili kila wiki. Najua wengi wanapenda kuchuruzisha ili wawe na cha kuposti, ila anayelipiwa na kazini anahitaji kumuonyesha bosi ratiba kamili, na bosi anataka kuona kitu kinachofanana na kazi wanayoifanya pale ofisini. Kuna kitu kidogo kinasaidia ajabu, barua ya kumuombea ruhusa kwa bosi. Mnaiandika nyie waandaaji, fupi, inaeleza gharama yote kwa pamoja, mada gani zinahusu nini, na kwamba akirudi atawaeleza wenzie alichojifunza, mtu anabadilisha jina na kuituma. Watu wengi sio kwamba hawataki kuja, wanaona tabu kuandika ombi. Halafu kuna waandaaji wa vikundi vidogo vidogo vya kila mwezi, wale wape tiketi chache za kugawa kwa watu wao wanaowajua, maana kikundi kikija pamoja kinarudi pamoja.

Siku yenyewe ikifika kila kitu ni tangazo la mwakani, na naanza na intaneti kwa sababu hawa ni madevelopa, intaneti ikikata watajua hadi sababu. Ruta za kawaida zinakuja zimepangwa kugawa anuani za mtandao kwenye fungu la 254, na mtu mmoja ana simu na laptopu, wengine na saa, kwa hiyo watu 150 wanaweza kulimaliza lile fungu kabla ya chai ya saa 4, na mara nyingi kila kifaa kinashikilia anuani yake kwa saa 24 hata mwenyewe akishatoka nje, kama abiria aliyeshuka akaondoka na kiti chake. Panueni fungu, fupisheni muda wa kushikilia uwe saa moja au pungufu, ongezeni vituo vya kurushia mawimbi na mpunguze nguvu ya kila kimoja, na mashine za jukwaani na za kurekodi ziwe kwenye waya, hilo halina mjadala. Fundi wa ukumbi atakwambia "mtandao wetu unabeba watu 500", muulize vifaa vingapi kwa wakati mmoja, anyamaze kwanza, afu mpige hesabu pamoja. Wapo waandaaji waliogeuza mtandao wa mkutano kuwa darasa, FOSDEM, mkutano wa programu huria kule Ubelgiji, wameufanya mtandao wao mkuu kuwa wa IPv6 pekee, yaani ule mfumo mpya wa anuani za mtandao, tangu 2014, ambaye kifaa chake hakiwezi ana mtandao mwingine wa pembeni. Programu kibao zilizokuwa hazijawahi kujaribiwa bila IPv4, ule mfumo wa zamani, zilikutana na ukweli pale.

Kuhusu FOSDEM hebu niseme zaidi maana inavunja kila sheria ya matangazo na bado inajaa. Ilianza Brussels ikiitwa OSDEM, iko kwenye chuo kikuu, wikendi moja mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, bure, hakuna hata kujiandikisha, unaingia tu. Vyumba vingi vinaendeshwa na jamii zenyewe, watu wa lugha fulani wanapewa chumba, wanakusanya mada zao, wanawaita watu wao. Hiyo ndo siri ninayoiona pale: kila chumba kina timu inayojitangazia, na maelfu wanafika bila mtu mmoja kukaa katikati akiposti.

Jukwaani: adapta za kila aina zifungwe kwa kamba kwenye meza zisitembee, projekta ijaribiwe usiku wa kuamkia, na kila mzungumzaji aje ajaribu laptopu yake kabla ya watu kuingia. Waambie mapema kwamba mandhari nyeusi ya kihariri chao, ile programu wanayoandikia kodi, haisomeki kwenye projekta ya ukumbi wenye madirisha na kwamba maandishi yaongezwe ukubwa mara mbili ya wanavyodhani. Kama kuna hela ya kitu kimoja tu cha ziada weka kwenye manukuu ya moja kwa moja, mtu anachapa kila kinachosemwa na kinaonekana pembeni ya slaidi. Yanamsaidia asiyesikia vizuri, yanamsaidia ambaye lugha ya mkutano sio ya kwake, na aliyechelewa kuingia anasoma anashika pale walipofika.

Na wageni. Mtu anayekuja mara ya kwanza, hajui mtu, amesimama karibu na ukuta anaangalia simu ili asionekane amekaa bure, huyo ndo ananiuma roho kila mwaka. Kuna utaratibu mzuri sana aliueneza Eric Holscher wa Write the Docs, jamii ya waandika maelezo ya programu, unaitwa kanuni ya Pac-Man: mkisimama kwenye duara mnaongea acheni nafasi ya mtu mmoja, kama lile duara la kwenye gemu ya Pac-Man lenye mdomo wazi, na mtu akiingia fungueni nyingine. Usemeni jukwaani asubuhi, uonyesheni kwa mikono, halafu timu yenyewe iufanye koridoni mbele ya watu. Utaona siku ya pili watu wanasogea wenyewe. Mazungumzo ya koridoni ndo nusu ya thamani ya mkutano, mada unaweza kuiona baadaye kwenye video ila yule aliyekumbana na tatizo lako wiki iliyopita huwezi kumpata kwenye video. Kwa hiyo mapumziko ya dakika 10 ni mafupi, wekeni 30.

Kanuni za mwenendo ziwepo, na ziwe na majina na picha za watu wa kupokea malalamiko, na hao watu wawe wameshakaa chini kukubaliana watafanya nini kabla lolote halijatokea. Ukurasa uliokopiwa tu bila mtu nyuma yake haumlindi mtu. Kamba za vitambulisho za rangi tofauti kwa wasiotaka kupigwa picha, hilo ni rahisi na watu wanalikumbuka. Fulana sina la kusema zaidi ya kwamba saizi ziwe za kutosha kwa miili yote, za kike ziwepo.

Siku ya mwisho pangeni mada fupi za dakika 5, mtu anajiandikisha asubuhi anazungumza jioni. Utaratibu huo ulishika sana kwa watu wa lugha ya programu ya Perl kwenye mkutano wao wa YAPC mwaka 2000 na karibu kila mkutano umeuiga. Mwenye saa awe mkali, dakika 5 zikiisha watu wanapiga makofi, anashuka. Wengi ninaowaona wakitoa mada kubwa leo walianzia kwenye zile dakika 5.

Kabla watu hawajatawanyika, tangazeni tarehe ya mwakani, kwenye kufunga palepale, hata kama ukumbi haujathibitishwa basi mwezi. Video zitoke ndani ya wiki chache, maana zikikaa nusu mwaka hazimsaidii mtu wala mzungumzaji anayetaka kumtumia bosi wake, na kila video iwe na sentensi yake ile ya tatizo moja chini yake. Waandikieni washiriki mkiwauliza maswali machache, matatu yanatosha, la muhimu likiwa: nani ambaye hakuwepo unadhani angefaa kuwepo? Majibu ya hilo swali ndo orodha yenu ya kuwafuata watu mmoja mmoja wito wa mada ukifunguliwa. Na toeni hesabu hadharani, kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka na kilienda wapi. Wadhamini wanaipenda hiyo kuliko mnavyofikiri.

Kinachoua mikutano mingi ya kila mwaka, kwa ninavyoona, ni uchovu wa mtu mmoja. Anaanza yeye, inakua, kila kitu kiko kichwani mwake, mwaka wa nne wa tano anaishiwa na hakuna wa kupokea. Wapo wanaofunga kwa heshima na hilo nalo ni sawa. Strange Loop, mkutano wa madevelopa wa Alex Miller kule St. Louis, Marekani, ilianza 2009 ikasema mapema kwamba wa 2023 utakuwa wa mwisho, watu wakaja kuaga. RailsConf, mkutano wa watu wa Ruby on Rails ulioanza 2006, imefanyika mara ya mwisho 2025 Philadelphia, nao walitangaza kabla. Ila kama mnataka uendelee, kabidhianeni kila mwaka hata kama hakuna anayeondoka. Jina la tovuti (domeni) lilipiwe na akaunti ya kikundi, sio kadi ya mtu. Benki iwe na watia saini wawili au zaidi. Kila mdhamini awe kwenye faili moja na jina la aliyeongea naye, alilipa lini, alilalamikia nini. Mikataba yote ya ukumbi, orodha ya wauza huduma, barua za kukataa na za kukubali, ramani ya nyaya, vyote pamoja mahali ambapo watu watatu wanaweza kufungua. Kiongozi wa mwaka ujao achaguliwe kabla ya mkutano wa mwaka huu, atembee na wa sasa siku zote za mkutano akiangalia tu na kuuliza, na yule anayetoka abaki mwaka mmoja anapokea simu, bila cheo na bila kura.